Kigari kilichogoma kutambaa, kisha kikagoma kusimama

Ukikipa PWM (umeme unaowashwa na kuzimwa haraka haraka) ya asilimia 30, yaani umeme uwake asilimia 30 ya muda, kigari hakisogei. Mota inalia tu, kama mbu anayekuzunguka sikioni usiku. Ukiongeza hadi 33, kinachomoka ghafla na kukimbia theluthi mbili ya kasi yake yote. Katikati hapo hamna kitu, na kazi yenyewe ilihitaji kutambaa.

Halafu ukikiambia simama, hakisimami. Kikiwa kwenye mwendo wake wa juu kinaserereka kama sentimita 25 ndipo kinatulia, na reli nzima ni mita moja na nusu.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu tiba yake haikuwa kubadilisha kipuri hata kimoja. Mota ilibaki ile ile, draiva (ubao unaoipa mota umeme) ile ile, mkanda ule ule. Nilichobadilisha ni njia ya mkondo katika ule muda mfupi ambao draiva imeacha kuusukuma. Baadaye niliongeza kapasita, kipuri cha kuhifadhi umeme kidogo, lakini hiyo ilikuja kuponya ugonjwa ambao tiba ya kwanza ndiyo iliyouleta. Tutafika huko.

Chombo chenyewe si cha ajabu. Kigari cha kilo 4 kinavutwa na mkanda juu ya reli, mota ni ya volti 12 yenye gia, mgongoni mwake kuna enkoda ya kupima mzunguko wake, na kila mwisho wa reli kuna swichi ya kikomo. Draiva ni daraja la H: transista nne za mosfeti zinazofanya kazi kama swichi, mbili juu upande wa chanya, mbili chini upande wa hasi, mota ikiwa katikati kama kile kistari cha herufi H. Inapokea amri kwa pini mbili, IN1 na IN2. Umeme unatoka kwenye pawasaplai ya mezani niliyoiweka volti 12, nayo nilikuwa nimeiagiza ijizime yenyewe volteji ikivuka 15. Ishike hiyo 15 kichwani.

Nilipima koili za mota nikapata ukinzani wa ohm 2.4 na induktansi (ubishi wa koili dhidi ya mkondo kubadilika) ya milihenri 1.2. Maana yake ni kwamba mota ikishikwa isizunguke, kwa volti 12 itavuta ampea 5, lakini haitazivuta papo hapo; mkondo unapanda kwa mkunjo, na kila nusu milisekunde unafidia takriban asilimia 63 ya kilichobaki. Kigari kinahitaji kama ampea 0.9 kuung'oa msuguano wa mwanzo, na kikishaanza kwenda kinaridhika na ampea 0.25. Tofauti hiyo kati ya kung'oa na kwenda ni ya kawaida kwenye gia na reli, na ndiyo iliyonidanganya.

Nilidanganyika kwa siku mbili. Nilipaka reli mafuta, nikalegeza mkanda, nikafungua gia kuangalia kama kuna jino lililokwama. Mtu yeyote angefanya hivyo: kitu kinachokataa kuanza, kisha kinaruka, kina sura zote za kukwama. Nilipochoka nikafanya jaribio ambalo ningepaswa kulianza nalo. Niliing'oa mota kwenye draiva, nikaiunganisha moja kwa moja na pawasaplai, nikaanza kupandisha volteji kutoka sifuri. Ilipofika volti 2.2, kigari kikaanza kutambaa. Taratibu, laini kabisa, bila kuruka.

Volti 2.2 ni asilimia 18 ya 12. Draiva ikiwa kwenye asilimia 30 ilipaswa kutoa wastani wa volti 3.6, na kigari kingeondoka bila ubishi. Basi reli haikuwa na kosa, na hata jino la gia nililolilaumu halikuwa na kosa. Volti 3.6 nilizodhani natoa hazikuwa zinafika.

Mkondo haukati kona

Draiva za namna hii zina amri nne. IN1 ikiwa 1 na IN2 ikiwa 0, mota inasukumwa mbele. Ukigeuza, inarudi nyuma. Zote zikiwa 0, transista zote nne zinazimwa na mota inaachwa huru. Zote zikiwa 1, transista mbili za chini zinawashwa pamoja, na ncha mbili za mota zinakuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kama waya wa shoti.

Programu yangu ilikuwa imeandikwa kwa mtindo ambao karibu kila mtu anaanza nao: IN2 nimeiacha 0, PWM nimeiweka kwenye IN1. Inasomeka vizuri, ukiandika 30 unapata 30. Lakini angalia kinachotokea PWM inaposhuka. Amri inakuwa 0-0. Transista zote zinazimwa wakati koili bado imebeba ampea tatu na ushee.

Koili haikubali mkondo wake ukatwe ghafla. Mlango ukifungwa, unatafuta mwingine, na mlango uliopo ni dayodi, vipuri vya kupitisha mkondo upande mmoja tu, zilizomo ndani ya transista zenyewe. Mkondo unapita dayodi ya chini upande mmoja, unatokea dayodi ya juu upande wa pili, na kurudi kwenye pawasaplai. Yaani unasukumana na zile volti 12 uso kwa uso. Ukijumlisha volti 0.7 za kila dayodi, koili inaona volti 13.4 za kinyume. Mkondo unaporomoka. Huu ndio ushukaji wa haraka.

Katika amri ya 1-1 mambo ni tofauti. Mkondo unazunguka kati ya mota na transista mbili za chini, haugusi pawasaplai, na volteji inayoupinga ni karibu sifuri. Kinachoula ni ukinzani wa koili wenyewe na ile volteji ya kinyume ambayo mota huizalisha inapozunguka. Unashuka polepole, mara nyingi hata haujafika sifuri kabla pigo linalofuata halijaanza. Huu ni ushukaji wa polepole.

Sasa weka namba. Kidhibiti changu kilikuwa kinatoa PWM ya hezi 490, hivyo mzunguko mmoja ni milisekunde 2.04. Kwa asilimia 30, umeme unawaka milisekunde 0.61. Kigari kikiwa kimesimama, mkondo unapanda hadi karibu ampea 3.5. Ukizimwa kwa 0-0, unafika sifuri ndani ya milisekunde 0.24 tu, na muda wote uliobaki, milisekunde 1.2 hivi, koili haina kitu. Wastani wa mzunguko mzima unakuwa ampea 0.83. Kigari kinataka 0.9. Kinabaki kinanung'unika pale pale.

Hesabu hiyo hiyo kwa 1-1 inatoa wastani wa volti 3.6 kamili, na 3.6 ukigawanya kwa 2.4 ni ampea 1.5. Asilimia ni zile zile 30, mota ile ile, na mkondo ni karibu mara mbili.

Na ule mruko? Nilipokisukuma kigari kwa kidole kikiwa kwenye asilimia 30, kiliondoka na kushika theluthi mbili ya kasi. Oskiloskopu, chombo kinachochora volteji inavyobadilika, ilionyesha sababu vizuri kuliko maneno yangu. Nilipima volteji kwenye ncha za mota nikaona ngazi tatu zikijirudia: volti 12 wakati wa kusukuma, kisha shimo refu hadi chini ya hasi 13 kwa muda mfupi sana, kisha mstari uliotulia. Kigari kikiwa kimesimama, mstari huo ulikuwa sifuri. Kilipokuwa kinakimbia, ulisimama karibu volti 7.6. Hiyo haitoki kwenye pawasaplai, ni mota yenyewe inazalisha kwa kuzunguka, kwa sababu wakati huo hakuna aliyeishika. Imeachwa huru, inaserereka.

Hapo ndipo picha ilipokaa sawa. Kwa 0-0 kila pigo linaongeza mwendo, na katikati ya mapigo hakuna kinachoupunguza isipokuwa msuguano. Mota isiyo na mzigo mkubwa inakusanya mwendo hadi mapigo yanakuwa dhaifu kiasi cha kulingana na ampea 0.25 za msuguano wa kwenda, na hilo linatokea mbali sana juu, karibu na volti hizo 7.6. Kwa 1-1, kwa asilimia 30 hizo hizo, ingetulia kwenye volti 3, robo ya kasi, kama unavyotarajia.

(Mstari ule uliotulia si hasara tupu. Wapo wanaoutumia kusoma kasi ya mota bila enkoda: unaachia mota kwa makusudi kwa muda mfupi, unapima volteji yake, unaendelea. Mimi nilikuwa na enkoda, sikuuhitaji.)

Nilivyoruka majivu nikakanyaga moto

Kabla sijaelewa haya yote, nilifanya kosa moja ambalo nitalieleza kwa sababu nimeona wengine wakilifanya. Ule mlio wa mbu ulikuwa unanikera, na nilijua unatokana na hezi 490. Nikapandisha PWM hadi kilohezi 20, juu ya kiwango ambacho sikio la mtu linasikia, nikiamini nimeua ndege wawili.

Mlio ulikwisha. Kigari nacho kilikwisha. Asilimia 30, kimya. Asilimia 40, kimya. Asilimia 50, kimya. Kilianza kutikisika nilipovuka 60.

Kwa kilohezi 20 mzunguko mmoja ni mikrosekunde 50, na asilimia 30 yake ni mikrosekunde 15. Katika muda huo mkondo unapanda hadi ampea 0.15 tu, kisha 0-0 inauangusha hadi sifuri ndani ya mikrosekunde 13 nyingine. Unapanda kidogo, unapigwa chini, unaanza upya kutoka sifuri. Wastani wake ni kama miliampea 43. Kwa asilimia 50 ni miliampea 118. Mkondo hauanzi kubebwa kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine mpaka uvuke takriban asilimia 53, kwa sababu volteji ya kuuangusha ni kubwa kuliko ya kuupandisha. Kwa asilimia 60 unapata kama ampea 0.77, ambayo bado ni pungufu ya kung'oa.

Kwa hiyo masafa makubwa na ushukaji wa haraka wa kupitia dayodi ni ndoa mbaya kwa mota ya kawaida ya brashi. Masafa madogo yalikuwa yanauficha ubaya huo, kwa kuupa mkondo muda wa kupanda kabla ya kuangushwa.

Kugeuza amri

Marekebisho yalikuwa mistari miwili ya programu. Kwenda mbele: IN1 inakaa 1 muda wote, PWM inawekwa IN2. IN2 ikiwa 0 mota inasukumwa, IN2 ikiwa 1 tunapata 1-1. Kurudi nyuma unabadilishana pini.

Kuna mtego mmoja hapa. Mota inasukumwa IN2 inapokuwa chini, kwa hiyo namba inageuka: ukitaka asilimia 10 ya msukumo, PWM yenyewe lazima iwe 90. Mimi nilijua hilo, nililiandika hata kwenye karatasi, kisha nikasahau kuligeuza kwenye njia ya kurudi nyuma. Nikakiambia kigari kirudi taratibu kwa asilimia 10. Kiliruka kwa 90, kikaipita swichi ya kikomo kabla programu haijajibu, na kugonga mwisho wa reli kwa kishindo kilichong'oa skrubu ya mkanda. Tangu siku hiyo ugeuzaji wa namba unafanyika sehemu moja tu kwenye programu yangu, ndani kabisa, na hakuna anayegusa pini bila kupitia hapo.

Baada ya skrubu kurudi mahali pake, kigari kilianza kutambaa kwa asilimia 18 ile ile niliyoipata kwa kuunganisha moja kwa moja. Nilirudisha kilohezi 20. Mbu hayupo, na mawimbi ya mkondo kwa asilimia 30 ni ampea 0.1 tu juu ya wastani wa 1.5. Draiva nayo ikawa inapoa kuliko mwanzo, kwa kuwa mkondo wa kuzunguka sasa unapita transista zilizowashwa badala ya dayodi zenye volti 0.7 kila moja.

Kwa wanaotumia draiva ya zamani ya L298N, hadithi ni hiyo hiyo kwa pini nyingine: ukiweka PWM kwenye pini ya kuwezesha, mota inaachwa huru kila inapozimwa, ukiiacha pini hiyo juu na kuweka PWM kwenye moja ya pini za mwelekeo, unapata ushukaji wa polepole. Ila humo transista si mosfeti, zinakula volti kadhaa peke yake, na mkondo wa kuzunguka bado unapita dayodi ya nje upande mmoja, hivyo usitegemee namba zangu.

Kusimama

Sasa breki. Amri ya 1-1 ikiachwa ikae ndiyo breki yenyewe. Mota inayozunguka inageuka jenereta, ncha zake zimeshikana, mkondo unakimbia kinyume na kuikaba. Kwa asilimia 90 mota yangu inazalisha volti 10.2, kwa hiyo breki inaanza na ampea 4.25. Kigari kilichokuwa kinaserereka sentimita 25 kwa 0-0 kilisimama ndani ya sentimita 3.

Nilifurahi kwa dakika kumi.

Kisha nikajaribu jambo dogo zaidi: nisisimamishe, nipunguze tu kasi kutoka 90 hadi 20 kwa mkupuo mmoja. Kila kitu kikazima. Mota, kidhibiti, taa za ubao, vyote. Nikawasha tena, nikarudia, vikazima tena. Nikashuku waya uliolegea, nikatikisa kila kiungo. Nikachukua betri ya volti 12 nikaiweka badala ya pawasaplai, nikarudia mara ishirini. Haikuzima hata mara moja.

Betri inakubali kurudishiwa umeme. Pawasaplai ya kawaida haikubali, inajua kutoa tu. Nikaiangalia upya, nikaona taa ndogo nyekundu ambayo nilikuwa nimeipuuza: imejizima kwa volteji kuvuka 15.

Tazama kilichokuwa kinatokea. Mota inazalisha volti 10.2, ghafla draiva inatoa wastani wa volti 2.4. Tofauti ya volti 7.8 inasukuma ampea 3.25 kinyume. Kwa asilimia 80 ya muda, mkondo huo unazunguka kwenye transista za chini bila kumsumbua mtu. Lakini kwa asilimia 20 iliyobaki draiva inawasha transista ya juu ili kusukuma, na mkondo uliokuwa unakuja kinyume unapanda kupitia hapo hapo na kuingia kwenye waya wa chanya. Koili na transista zimegeuka mashine ya kupandisha volteji. Kati ya wati 33 zinazotoka kwenye mwendo wa kigari, 25 hivi zinakuwa joto kwenye koili, na karibu 8 zinarudi kwenye umeme.

Wati 8 si nyingi, ila hazina pa kwenda isipokuwa kapasita ya mikrofaradi 470 iliyokuwa kwenye ubao. Ampea 0.65 ndani ya kapasita hiyo zinapandisha volteji kutoka 12 hadi 15 kwa milisekunde mbili na kidogo. Kigari bado hakijaanza hata kuhisi breki, pawasaplai imeshakata.

Linaloshangaza ni kwamba breki kamili haikuwa na tatizo hili. Kwenye 1-1 tupu transista ya juu haiwashwi kabisa, na mwendo wote unaishia kuwa joto ndani ya mota. Hatari iko katikati. Ukifanya hesabu, urudishaji mkubwa zaidi unatokea wastani wa draiva unapokuwa nusu ya volteji ambayo mota inazalisha. Kwangu ni asilimia 42 au 43, ambapo karibu wati 11 zinarudi. Kupunguza kwa wastani, ambako mtu angekuona ni kwa kistaarabu, ndiko kunakoitesa pawasaplai.

Nikajaribu ujanja. Breki kamili ilikuwa inakita mno, mzigo juu ya kigari uliruka. Nikasema basi niipunguze makali: nibadilishane 1-1 na 0-0 kwa haraka, nipate nusu breki. Volteji ikapanda tena, na zaidi kuliko mwanzo. Nilipokaa kufikiri nilijicheka. Unashika ncha za mota mkondo ujae kwenye koili, kisha unaachia wote, mkondo unapasua dayodi kwenda kwenye chanya. Hiyo ndiyo mashine ya kupandisha volteji ile ile, sasa nimeitengeneza kwa mikono yangu.

Niliyoyachagua mwishoni ni haya. Kasi haipunguzwi kwa mkupuo. Programu inashusha asilimia kidogo kidogo, kwa mwendo ambao msuguano wenyewe unaweza kuufuata, na hapo mkondo karibu haugeuki kinyume. Kikifika chini ya robo ya kasi na mahali pa kusimama pamekaribia, ndipo 1-1 inashikwa moja kwa moja bila kupita katikati. Kwa kusimama kwa dharura, 1-1 papo hapo, mzigo uruke ukitaka. Na kapasita niliongeza ya mikrofaradi 4,700 sambamba na ile ya kwanza. Kutoka volti 12 hadi 15 hizi mbili kwa pamoja zinameza jouli 0.2 hivi, ilhali mwendo wote wa kigari pamoja na rota ya mota ni kama jouli moja. Haitoshi kumeza yote, lakini inatosha kwa vipande vinavyoponyoka.

Kama chombo chako lazima kipunguze kasi ghafla, weka rizista yenye transista yake inayowaka volteji ikipita kiwango fulani, uchome umeme huo kwa makusudi. Na uangalie kama kuna dayodi mlangoni mwa umeme, ile ya kuzuia kubadilisha chanya na hasi. Ikiwepo, hata betri haitakuokoa, maana mkondo unaorudi unagonga dayodi hiyo na kubaki ndani na kapasita.

Jambo jingine la breki lilinitia wasiwasi zaidi ya volteji. Draiva yangu ina kikomo cha mkondo, nilichokiweka ampea 4.5, na inaupima kwa rizista ndogo iliyoko chini ya daraja, kati ya transista za chini na hasi. Katika 1-1 mkondo unazunguka kati ya transista mbili za chini, juu ya rizista hiyo. Haupiti ndani yake. Breki ikiwa kazini, kikomo ni kipofu. Kwa ampea 4.25 nilikuwa salama, ila ni kwa bahati ya ukinzani wa koili. Mota yenye ukinzani wa nusu ya huo ingepitisha zaidi ya nane, na draiva isingeona chochote kwenye rizista yake. Kwa sababu hiyo pia sigeuzi mwelekeo moja kwa moja. Kutoka mbele kwenda nyuma katika mwendo wa juu, volti 12 na zile 10.2 zinajumlishana na kudai ampea 9.25. Programu inashika 1-1 kwa milisekunde 150 kwanza.

Mtu asitoke hapa akisema ushukaji wa haraka ni kosa la kiufundi. Kwenye mota za hatua, zile zinazozunguka kwa vihatua vilivyopimwa, ni hitaji. Pale mkondo wa kila koili lazima ufuate mkunjo uliopangwa, kupanda na kushuka, na unaposhuka kwa kasi, 1-1 inauacha ukining'inia juu ya pale unapotakiwa. Ndiyo maana draiva za mota hizo huchanganya: haraka kidogo mwanzoni mwa kila mshuko, kisha polepole.

Limebaki moja ambalo sijalimaliza. Breki ya 1-1 inafifia jinsi mwendo unavyopungua, kwa hiyo haishiki kigari kilichosimama kwenye mteremko. Kinateleza polepole kama kinachozama kwenye asali. Na umeme ukikatika haipo kabisa, kwa kuwa transista zinahitaji umeme ili zibaki zimewashwa. Juzi nilizima pawasaplai, nikakisukuma kigari kwa mkono ili nisafishe reli. Taa ya ubao ikawaka. Kidhibiti kikaamka, kikasoma enkoda, kikaanza kutekeleza programu yake kwa umeme wa mkono wangu, kupitia dayodi zile zile nne. Sasa kabla ya kukigusa naichomoa mota kwanza.